Siku Mama Nani Alipokosa Kuuliza

Mama Nani alikuwa amesimama ndani ya beseni, gauni amelikunja hadi magotini, anakanyaga blanketi, pale binti yake mkubwa alipoingia uani mbio na mkoba wa shule ungali mgongoni.

“Shikamoo Mama. Wanakuja.”

“Marahaba. Nani?”

Binti alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole. “Hilo neno, Mama. Hilo hilo ndilo limenikimbiza.”

Habari yenyewe ilikuwa hii. Mwalimu wa sanaa amewagawa makundi, kila kundi litengeneze filamu fupi kwa simu, na kesho asubuhi lazima wawe wamechagua wazo. Kwao Bonge kuna mgonjwa. Kwao Msemaji baba mtu ni fundi viatu na nyundo hailali. Kwao Miwani ndugu ni wengi kama utitiri. Ikabaki hapa.

“Ni hao watatu tu, nami wa nne,” binti alisema. “Wakibisha, sema karibuni. Basi. Kama mama za watu.”

Mama Nani aliendelea kukanyaga, ila kwa nguvu zaidi kidogo kuliko mwanzo.

Jina lile alipewa na majirani. Tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi kwake akakaribishwa papo hapo. Lazima kwanza aulizwe nani, ajitaje, ndipo aambiwe karibu fulani, kwa jina lake. Muuza maziwa, aliyekuja kila asubuhi ya Mungu, alijitaja kila asubuhi kama anaandikishwa jeshini. Watu walicheka. Wengine waliona ni uchoyo. Yeye alikuwa amefundishwa hivyo na marehemu mama yake: hodi ni sauti, na sauti haina sura, ukisema karibu bila kujua unamwambia nani, umemwambia kila anayesikia. Alikua na neno hilo kama wengine wanavyokua na kovu. Sasa kumbe shuleni binti yake anaitwa Binti Nani.

“Sawa,” alisema. “Leo sitauliza.”

Walifika jua likiwa limeanza kushuka. Hodi yao ilikuwa ya vijana, imejaa vicheko. Ilipokwisha, ikaja nyingine, moja, ya chini, karibu kabisa na ubao wa mlango, kama ya mtu aliyeweka midomo pale pale. Neno la miaka yote lilimfika Mama Nani kooni. Binti alikuwa anamtazama. Alilimeza.

“Karibuni,” alisema. “Karibuni ndani.”

“Ahsante,” waliitikia, naye akageuka haraka kwenda jikoni kuinjika chai, maana uso ulikuwa umemwiva.

Mara akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizolowekwa zikasahauliwa, nzito, inatoka sebuleni. Alidhani ni blanketi lake. Aliona aibu, wageni wamekuja na nyumba inanuka. Akatoka uani, akaliinamia kambani, akalinusa pembe kwa pembe. Lilinuka sabuni tu.

Sebuleni mjadala ulikuwa umepamba moto.

“Filamu ya kufukuzana,” Msemaji alikuwa anasema. “Polisi na mwizi.”

“Gari utatoa wapi?” Bonge alimuuliza.

“Wafukuzane kwa miguu.”

“Wewe ukikimbia mpaka dukani unaomba maji. Tufanye ya mapenzi.”

“Na mpenzi awe nani? Miwani? Mlango wenyewe haoni.”

“Mlango nauona,” Miwani alijitetea. “Mimi wazo langu ni takataka za soko, zinakwenda wapi.”

Walimcheka wote. Mama Nani, aliyekuwa anapanga vikombe, alisikia kicheko kimoja kikichelewa. Wenzake walikuwa wamekwisha nyamaza ndipo chenyewe kikaja, peke yake, cha kike, kikakatika ghafla. Kisha sauti ya mwenye kicheko ikasema polepole:

“Kuna mwanamke, kila akibishiwa hodi anauliza nani.”

Msemaji akapiga paja. “Hiyo! Hiyo ndiyo filamu!”

“Jamani, acheni,” binti alisema, lakini alikuwa anacheka.

“Hebu tuigizie kidogo. Wewe ndiye mtaalamu.”

Na binti aliigiza. Alikaza shingo, akaipandisha sauti puani: “Nani? Nani wewe? Nani wako?” Walicheka mpaka Bonge akakohoa. Mama Nani alikuwa amefika nyuma ya pazia la sebule na sinia mkononi. Alisimama. Aliitambua sauti ile. Ilikuwa yake kabisa, hata ule mkwaruzo wa mwisho. Mtoto hakukosea kitu.

“Inaendeleaje?” Miwani aliuliza.

“Siku moja anaona aibu, haulizi,” ile sauti ya polepole ilijibu. “Anasema karibuni. Mgeni anaingia.”

“Halafu?”

“Halafu anakaa.”

“Na mwisho wake?”

“Hauna mwisho. Anakaa tu.”

“Kali,” alisema Msemaji. “Wanaoitaka wanyooshe mikono. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Wote. Imepita.”

Mama Nani aliangalia sinia. Vikombe vilikuwa vinne.

Alitaka kuingia, na miguu ilikuwa tayari kuingia, lakini akajiona jinsi watakavyomwona wao, mwanamke wa kwenye filamu anayetokea kwenye pazia na swali lake la kuchekesha, akaona jinsi binti atakavyoinamisha uso mbele ya wenzake na kesho shuleni jinsi kicheko kitakavyompokea getini, kwa hiyo alisimama pale huku chai ikipoa na ile harufu ikipita kwenye pazia na kumpanda puani, na katika kusimama kule ndiko alikosikia mkeka ukilia kidogo, kama mtu anayejisogeza, anajipanga vizuri, anatafuta mahali pake pa kudumu, kando kabisa ya binti yake. Hapo ndipo alipolisukuma pazia.

“Wanangu,” alisema, “kila mmoja aniambie yeye ni nani, na mtoto wa nani.”

“Mama,” binti alisema kwa sauti ndogo. “Uliniahidi.”

“Najua.”

Hakuna aliyecheka, waliona haya kwa niaba yake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Bonge alijitaja, mtoto wa nesi. Miwani, wa mwenye bucha. Msemaji akanong'ona, “Mimi wa fundi viatu, mama.” Aliyebaki alikuwa msichana mwenye sare kama wao, amekaa bega kwa bega na binti. Uso wake ulikuwa uso wa msichana yeyote. Ukiuacha kidogo huukumbuki tena.

“Na wewe?”

“Mimi wa hapa.”

“Hapa wapi?”

“Hapa,” msichana alisema, akaupapasa mkeka. “Ulisema karibuni.”

Bonge alimgeukia Miwani. “Si umekuja naye wewe?”

“Mimi nilidhani ni binamu yao.” Miwani aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, kisha hakuthubutu kutazama tena.

Mkono wa binti ulikuwa umeshikwa na yule msichana, na ngozi ya mkono ule ilikuwa imeanza kukunjamana kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu.

Mama Nani aliliweka sinia chini. Kupiga kelele kusingemsaidia. Mama yake alimwambia pia kwamba mgeni uliyemkaribisha mwenyewe akifukuzwa, hutoka na aliyemshika. Aliyeingia kwa adabu hutolewa kwa adabu. Akajifunga khanga vizuri kiunoni.

“Haya. Jua linazama na wenzenu wana kwao. Inukeni wote, niwasindikize.”

Vijana waliinuka kama waliochomwa. Msichana alikaa.

“Mgeni wangu,” Mama Nani alisema, “sitaki uondoke peke yako, watu watasema sina adabu. Nipe mkono, twende.”

Yule msichana alifikiri. Kisha akauachia mkono wa binti, akauchukua wake. Ulikuwa wa baridi, na laini kupita kiasi, kama sabuni iliyoachwa kwenye maji.

Barabarani Bonge alikata kona ya kwanza bila kuaga. Miwani na Msemaji wakaingia uchochoro mmoja, japo mmoja wao hakuwa akiishi huko. Mama Nani akabaki na mgeni, wanapita mbele ya kinyozi, mbele ya duka la vipuri linalofungwa, watu wakimsalimu yeye peke yake, mpaka pale mtaa unapoishia kwenye kalavati. Mgeni alisimama juu ya kalavati, akauachia mkono.

“Ahsanteni sana,” alisema. “Na nyinyi karibuni kwetu.”

Mdomo wa mtu aliyelelewa vizuri haungoji akili. Kabla hajajua anasema nini, Mama Nani alishajibu kama anavyomjibu kila mtu maisha yake yote:

“Ahsante. Tutakuja.”

Mgeni alicheka, na safari hii hakuchelewa. Halafu juu ya kalavati hapakuwa na mtu, maji tu yakipita chini yake.

Alisimama pale akilirudia lile neno. Angeweza kusema nitakuja. Angeweza kunyamaza. Alisema tutakuja, akawabeba wote, mume na watoto, kwa silabi moja, kwa sababu ya adabu.

Binti alikuwa anamngoja mlangoni, macho mekundu. “Mama, nisamehe. Yale maneno niliyoyaigiza.”

“Yamekwisha.”

“Tumebadilisha wazo. Wamenipigia. Tutafanya takataka za Miwani.”

“Vizuri.”

“Amekwenda? Hatarudi?”

“Amekwenda,” Mama Nani alisema. Huo ulikuwa ukweli, na alipita ndani haraka asije akaulizwa zaidi. Binti alidhani mama bado amekasirika. Alimfuata jikoni, akachukua mwiko bila kutumwa, akakoroga, akainama juu ya sufuria ili asionekane analia. Mama Nani hakuweza hata kumgusa bega. Mtoto alikuwa anaomba msamaha kwa mtu asiyestahili kuombwa.

Baba alirudi kutoka kwenye kazi yake ya kutengeneza mafriji, akanawa mikono, akauliza kuna habari gani. Kitinda mimba, aliyeshinda kwa jirani akicheza, alirudishwa na vumbi lake lote. Chakula kikapakuliwa, mlango ukafungwa kwa komeo, wakakaa kwenye mkeka ule ule. Mama Nani alibaki amesimama na upawa mkononi, anawapitia kwa macho mmoja mmoja: baba, binti, mdogo, na yeye mwenyewe.

“Mbona leo unatuhesabu kama kuku?” mume alimuuliza.

Alianza tena kutoka upande wa pili. Wote walikuwepo.

“Kuleni,” alisema, na hakumtazama yeyote usoni.