Kadi ya Malkia Mezani kwa Wifi

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa mapazia, na mpaka leo ukimgusia anafura.

Alikwenda kwa mke wa kaka yake kutundika mapazia mazito, meusi, kwenye chumba ambacho wifi huyo huwasomea watu kadi za kutabiria. Ni wifi huyohuyo aliyemuuguza mama yao, akaja kumpigia fundi simu kaburi limeshafukiwa. Kazi ilipokwisha, fundi akavuta kiti, akaketi mezani mkabala na wifi; kiti alichozoea kukalia mama, ubavuni mwa meza, akakiacha.

"Chomoa kadi moja. Kabla hajafa, mama aliniita au hakuniita?"

Kwa wifi, kadi iliyosimama ni ndiyo, iliyopinduka ni hapana. Akalaza malkia, mwenye kichwa kimoja tu, katikati ya meza.

"Kichwa chini. Hakukuita."

"Kwangu amesimama."

"Kadi inasomwa upande wa msomaji, wifi."

"Mama ni wangu na swali ni langu. Usinifanye mtoto."

Taa ikazimika. Kwa mapazia yale, fundi hakuona hata pua yake. Akasikia kadi ikikwaruza meza, taratibu, ikasita, ikaendelea.

"Iache," akafoka, akamkamata wifi mikono yote miwili.

Mikono ilikuwa baridi, imetulia. Kadi ikazidi kukwaruza.

Taa iliporudi, malkia alikuwa amelala kiubavu kwao wote wawili. Alikuwa amesimama sawasawa kwa aliyekaa kiti cha tatu, kile cha mama, ambacho hakikuwa na mtu. Mto wake ulikuwa umebonyea katikati, na bado ulikuwa unabonyea.