Kereng'ende Aliyepakwa Rangi

Kila Jumatano baada ya masomo, mimi Afrah na rafiki yangu Benite tulikwenda Kajaga, kando ya ziwa, kutafuta kereng'ende kwenye matete. Benite alishika wavu, mimi nikaandika. Kwa wiki tatu tulipata wekundu wanaong'aa na wengine wa rangi ya majani makavu. Kazi hiyo ndiyo ingetupeleka kwenye maonyesho ya sayansi, na mimi niliyaota kila siku.

"Hawa wa kahawia wanatuharibia sanduku," Benite alilalamika.

"Waache, ndivyo walivyo," nilimjibu. Sanduku likabaki nyumbani kwa kina Benite.

Siku ya kuwasilisha, Madame Adélaïde, mwalimu wetu, alifunua sanduku. Lo! Wote wekundu! Alikunja uso, akampangusa mmoja kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikatoka.

"Nani amefanya hivi? Mdanganyifu haendi kwenye maonyesho!"

"Ni Afrah, Madame! Angalia mikono yake!" Benite alisema.

Darasa zima likanigeukia. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu kweli, lakini kwa hina ya Idi. Benite alikuwepo shangazi Miza aliponipaka. Pilau yetu pia alikula! Angesema mtu mwingine, ningevumilia. Lakini Benite? Iliniuma sana.

"Apana, Madame! Nipanguse na mimi!" nilisema huku nikilia.

Madame alichukua kitambaa safi, akanisugua vidole. Kitambaa kikabaki cheupe. Kisha akamwita Benite. Kucha zake zilikuwa na rangi nyekundu ya kuchorea kwa ndani.

"Ni mi, Madame," Benite aliangua kilio. "Nilitaka tushinde."

Madame alifungua daftari langu. "Wa kahawia ni majike, wekundu ni madume. Majike huwapenda madume wekundu, kwa hiyo hao huzaa zaidi, ingawa ndege huwaona upesi. Jike anayefanana na majani makavu haonekani, hivyo huishi na kutaga mayai. Watoto hurithi rangi hizo, kizazi hadi kizazi. Benite, umefunika jambo zuri kuliko yote mliyoyaona."

Nilikwenda kwenye maonyesho peke yangu, na daftari langu. Benite aliniomba msamaha nikamsamehe, ila siku hizi wavu naushika mwenyewe.

Maneno ya Madame siku ile sijayasahau: "Kereng'ende hachagui rangi yake. Wewe Benite ulichagua mara mbili: kudanganya, halafu kumpaka rafiki yako matope. Rangi imetoka kwa maji. Hilo la pili litakuchukua muda mrefu kulisafisha."