Wimbo wa Mama Kwenye Send-off Yangu

"Zima huo muziki," nilimwambia DJ.

Alidhani natania. Mwenye sherehe yake, gauni la dhahabu mwilini, ukumbi mzima wa Tunduma unacheza, halafu nataka muziki uzimwe? Akaongeza sauti, mjinga yule.

Anayesikika kwenye spika ni Jenista, msanii wa studio ya mchumba wangu. Wimbo ni wangu. Niliutunga mama yangu akiwa bado hajazikwa, nikamwimbia kaburini kule kijijini kwetu Mbebe, bila kinanda. Clever, huyo mchumba wangu, alikuwa nyuma yangu na simu mkononi. Kumbe anarekodi.

Miaka yote nimeimba muziki wa soul kwenye baa za mpakani, watu wanatafuna nyama choma wamenipa mgongo. Kila nilichoandika, Clever alimpa Jenista, eti sauti yangu nzito, haiuzi. Nilikubali kwa sababu nilimpenda. Mapenzi yalinifanya zuzu. Ila huu wa mama aliponiomba, nilimkatalia kabisa.

Leo kauwekea ngoma, watu wanautikisia mabega. Mama mdogo Gwantwa na wenzake kutoka Mbebe walikuwa wamekaa, wamejishika vichwa.

"Ni sapraizi, mpenzi," Clever aliniambia, anatabasamu. "Unapigwa hadi Zambia."

"Nilikwambia nini kuhusu wimbo huu?"

"Tuku, msiba umepita. Ulitaka uozee Mbebe?"

"Anayeozea Mbebe ni mama yangu."

Nikaenda kung'oa waya wa spika. Muziki ukakatika. Nikaimba vilevile nilivyoimba kaburini, taratibu. Mama mdogo akaitikia, kisha ndugu zangu wote. Hakuna aliyetafuna nyama.

Nilipomaliza, Jenista, aliyekuwa miongoni mwa wageni, alinifuata analia.

"Dada, nisamehe. Clever aliniambia umeandika wimbo wa harusi, bibi harusi anamuaga mama yake."

Nilimwamini. Nikamgeukia Clever.

"Umeniaibisha mbele za watu," alisema.

Hata hapo alikuwa anajihurumia yeye. Nikavua pete ya uchumba, nikaiweka juu ya keki ambayo haikukatwa.

Asubuhi, niko njiani kwenda Mbebe na mama mdogo, ikaingia meseji ya Clever kwenye simu:

"Tuku nisamehe. Kuna mtu alikurekodi jana, watu wanakuulizia kila kona. Rudi studio. Sauti yako inauza."

Mama mdogo akaniuliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa studio. Kisha nikamjibu Clever:

"Studio zipo nyingi. Mama nilikuwa na mmoja."