Kichujio Juu ya Moshi

Mpunga ukishatoa masuke, watu wa Idete huhamia mashambani, mbali na bomba. Wanaishi kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wanaamia ndege wasile mpunga, wanakunywa maji ya mto. Levina alihama na binti yake Omega, na wivu wake akaubeba.

Wivu wenyewe ulikuwa kwa jirani yake, Domitila. Huyu alikuwa na kichujio, kidude kama tochi, kimeungwa kwa mpira kwenye ndoo. Ndani mna mirija myembamba kama nywele. Maji yanapita, vijidudu vinabaki. Watoto wa Domitila, Rosemery na wadogo zake, hawaharishi. Omega anaharisha kila msimu.

Mwaka huu Nazari, mhudumu wa afya wa kijiji, akampa Levina naye kichujio. Akaanza kumweleza namna ya kukitunza, Levina akamkatiza. Kama Domitila ameweza, yeye ashindwe ana nini?

Basi akawa anakitundika juu ya moto, pale penye mahindi ya mbegu, yanayopigwa moshi yasibunguliwe. Kitu cha thamani si ndipo kinapokaa? Baada ya wiki maji yakaanza kutoka mbio. Levina akamwita Domitila makusudi.

"Chako kinachuruzika kama pua ya mtoto, mama Rosemery. Hebu ona changu."

Domitila akatazama, akarudi shambani kwake. Siku hiyo Levina hata ugali mkavu aliuona mtamu.

Siku ya tatu Omega akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Levina akambeba mgongoni mbio hadi kwa Nazari, wakampa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, wakamwahisha zahanati. Mtoto alipopata nafuu, Nazari akakinusa kile kichujio.

"Ulikitundika jikoni, dada?"

"Pamoja na mbegu."

"Mbegu ndiyo inataka moshi. Hii mirija ikipata joto inapasuka. Maji yakikimbia ghafla, ujue hayachujwi tena. Yakizidi kwenda polepole, kisukumie maji safi kinyumenyume, uchafu utoke. Huna kichujio, chemsha."

Mpaka alipopata kingine, Levina alichota maji kwa Domitila. Aibu iliyoje! Domitila hakumcheka. Alicheka kidogo tu.

"Na mimi wiki ile nusura nikitundike changu," akasema. "Nilivyozionea wivu zile mbio za maji yako!"

Sasa kichujio kipya kinakaa kikapuni, kivulini. Omega hajaharisha tena. Anaamia ndege kwa sauti kali, mpaka wote wamehamia shamba la pili, la Domitila.

"Mama Omega," Domitila analalamika, "huyo mtoto mpe maji ya mto japo siku moja, nami nivune."