Kiu ya Sili

"Nani amemaliza maji ya ndoo?"

Victorine aliuliza Jumanne saa nne asubuhi, mfuniko mkononi, katika karakana ya fremu za picha ya Wakongo pale Doornfontein, Johannesburg. Mumewe, Marcellin, aliendelea kupima mbao. Mdogo wake Victorine, Emérite, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kusaidia wakati wa likizo, alichungulia: ndoo kavu, pembeni imeshika chumvi nyeupe. Ilikuwa 2016, mwaka wa ukame, na kila mtu akaulaumu ukame. Lakini tangu lini ukame ukafungua mfuniko?

Emérite alijua kosa lilipoanzia. Alikuwa amelipigia kelele jana yake.

Ofisi moja ya Midrand ilileta michoro sita ya zamani, iliyochapwa kwa bamba la shaba, ya uwindaji wa watu wa barafuni. Maandishi yaliwaita Waeskimo. Emérite akachukia papo hapo, maana wenyewe hujiita Wainuiti. Mmoja ulikuwa wa mbwa wakikokota sileji, gari la kuteleza barafuni. Mwingine wa mwindaji ameinamia tundu la barafu, chusa mkononi. Wa sita ulionyesha sili, yule mnyama wa baharini, amelala ameshauawa, na mwanamke anammiminia maji mdomoni. Chini waliandika sababu: sili huishi kwenye chumvi maisha yake yote, na humwendea mwindaji kwa sababu ya kiu. Asiyempa maji matamu amemdhulumu.

Mchoro huo ulizidi fremu kwa vidole viwili. Marcellin alikwishatengeneza fremu zote sita kwa kipimo kimoja. Akachukua kisu, akapunguza ukingo.

"Shemeji!" Emérite alifoka. "Umemtoa mama wa watu mkono, na kikombe chake!"

"Avoka," Marcellin alicheka, akimwita wakili kwa utani, "nani atahesabu mikono kule Midrand? Hapa si mdahalo, hapa ni atelye, karakana ya kazi."

"Basi nipe hicho kipande."

Hakumpa. Alikikunja, akakisokomeza nyuma ya picha ya mbwa ili isicheze ndani ya fremu, kama afanyavyo na mabaki yote. Jumanne mchana dereva akachukua picha tano. Ya sita ikabaki ukutani ikisubiri kioo.

Tangu hapo maji hayakukaa. Gundi ilikauka koponi. Birika liliungua tupu. Ikaja harufu nzito ya mafuta ya samaki, na chini ya sakafu ya zege ikaanza pumzi: pfuu, kisha kimya kirefu, kisha pfuu tena, kama mtu anayeibuka majini.

"Ni mabomba," Marcellin alinong'ona.

"Mabomba yanapumua, shemeji?"

Alhamisi, Sagesse, binti yao wa miaka sita, ambaye umsemeshe lugha gani atakujibu Kiingereza, alitoka chini ya meza akasema kwa Kiswahili safi, "Mama, nina kiu." Akanywa jagi zima, akanywa la pili, na kadiri alivyokunywa ndivyo midomo ilivyopasuka na chumvi ikamtoka mikononi kama unga, wakamkimbiza kliniki akatundikiwa dripu nayo ikaisha kabla nesi hajageuka, wakamrudisha amekauka ulimi, macho yameganda kwenye ule mchoro ukutani, na pumzi ya chini ya sakafu sasa inakwenda sawasawa na yake.

Mchungaji François aliletwa. Alikemea kwa Kifaransa saa nzima, kana kwamba kitu kilichotoka barafuni kimesomea Lubumbashi. Chupa yake ya maji ya baraka ilikauka mkononi mwake.

"Nisikilizeni jamani, ni ule mchoro," Emérite alisema.

"Nyamaza kwanza," dada yake alilia. "Mtoto anakufa, wewe unataka kushinda!"

Ijumaa akaja bibi Kidawa wa mtaa wa Bertrams, Mrundi muuza ubani. Hakuuwasha. Aliketi, akasikiliza sakafu.

"Mmemuuliza anataka nini?"

Akaugeukia ule mchoro ukutani.

"Mnamfukuza mgeni mwenye kiu?"

"Nimesema tangu Jumatatu!" Emérite akalia kwa hasira.

"Basi acha kusema, mwanangu. Mpe."

Chupa ya bibi ndiyo pekee iliyokuwa na maji. Emérite akaumiminia mchoro maji pale kwenye mdomo wa sili, na karatasi haikulowa, haikukunjamana, maji yakaingia tu, kikombe baada ya kikombe, huku pumzi ikipanda kutoka chini mpaka katikati ya miguu yake, na wote wakasikia koo likimeza.

Sagesse akaomba mkate. Kwa Kiingereza.

"Ametoka, bibi?" Marcellin aliuliza.

"Amekunywa. Kesho atakuwa na kiu tena. Rudisheni ule mkono."

Unadhani waliurudisha? Jumatatu dereva alikuja kuchukua picha ya sita, Emérite akasimama mlangoni, Marcellin akamsogeza: "Mali ya mtu ni ya mtu." Emérite alipiga simu Midrand kuomba picha ya mbwa ifunguliwe, wakacheka, wakasema zote zimeshatundikwa, kila moja ghorofa yake. Aliandika barua tatu. Hakuna aliyejibu.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi huko: kama ukutani kwenu kuna sili aliyelala, na mwanamke asiye na mkono wa kulia, na maji ya ofisini yanaisha kabla ya saa nne, usihangaike kutafuta aliyeyanywa. Weka kikombe cha maji chini ya ile picha, tafadhali, kila asubuhi.