Jina Lililowekwa Mlangoni

Seva ilisema Benie hayuko.

Cyprien aliandika ombi upya, herufi kwa herufi. Alikuwa amelitumia jina la mkewe kwa sababu ndilo lililomjia kwanza, na kwa sababu lilikuwa mle ndani kweli: Benie alikuwa na mimba iliyokaribia kutimia, na wodi ya uzazi alikoandikishwa, pale Makiso, ilitunza mafaili ya wazazi katika hifadhidata ambayo Cyprien na Rachidi waliijenga wenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust. Jana faili lake lilifunguka. Leo Cyprien alikuwa ameongeza kitu kimoja tu: ndoano mbili, moja inayolishika kila ombi kabla halijaingia, na nyingine inayolishika kila jibu kabla halijatoka. Mlinzi wa mlango, kwa maneno mengine.

"Jaribu mwingine," Rachidi alimwambia.

Marthe akafunguka. Aimée akafunguka. Benie, hayuko.

"Umemufuta," Rachidi alisema. "Bibi yako umemufuta, alors leo utakula wapi?"

Walicheka. Kisha wakaiacha ndoano wakatazama moja kwa moja ndani ya diski, na Benie alikuwepo, mzima, na tarehe zake zote. Ni mlangoni tu alipokuwa akikataliwa.

Mlinzi huyo alikuwa na jina. Kila kitu katika programu hutaka jina, na Cyprien alikuwa ameipa ndoano yake jina la Adèle, mke wake wa kwanza, aliyefariki kwa homa kabla Cyprien hajamfahamu Benie. Haikuwa kumbukumbu hasa, ilikuwa utani. Adèle alipokuwa hai, hakuna mgeni aliyepita kizingiti chake kule Mangobo bila kuulizwa unatoka wapi, unatafuta nini, nani amekutuma. Ndoano nayo iliuliza hayo hayo. Rachidi, aliyemfahamu Adèle, alicheka mpaka akajifuta macho.

Hakuna kati yao aliyefikiri habari ya undoyi. Kisangani, ukimpa mtu jina la mwingine, wawili hao ni ndoyi, watu wawili chini ya jina moja. Na jina la watu haliokotwi. Unakwenda kwao na kitambaa na chumvi, unaketi, unaomba. Hivyo ndivyo inavyofanywa kwa mtoto. Kwa mashine, nani angekumbuka?

Mchana Benie aliwaletea pondu, majani ya muhogo, na samaki. Akiwa bado kwenye ngazi, akishika ukuta kwa uzito wa tumbo, alisikia sauti ya mumewe: "Adèle amekataa tena."

"Umuulize pole pole," Rachidi akajibu. "Unamujua. Ukimukaripia ataziba kabisa."

Benie aliingia, akaweka sufuria mezani.

"Adèle gani?"

"Ni jina ya programu tu," Cyprien alisema.

"Majina imeisha mu Kisangani?"

"Ni mchezo, Benie."

"Bon. Na yangu umeiweka ku kintu gani?"

Feni ya seva, iliyokuwa ikivuma tangu asubuhi, ikapunguza mwendo, ikanyamaza, kama mtu aliyezuia pumzi ili asikie vizuri. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya kokwa za mchikichi yaliyopashwa moto, yale ambayo Adèle alipaka nywele zake kila Jumamosi. Rachidi aligeukia dirisha, akawatazama watu wa toleka wakipita na abiria nyuma ya baiskeli zao. Benie alimtazama mumewe peke yake. Aliona uso wake ukilainika kwa harufu ile, kwanza ukilainika, na baadaye tu ukiogopa. Hilo la kwanza ndilo lililomkaa moyoni.

Jioni, jua likingali juu ya mapaa, mlango wa nyumba yao ulimkataa Benie. Ufunguo ulizunguka vizuri lakini ubao haukusogea. Mtoto wa jirani alikuja akausukuma kwa kidole, ukafunguka. Benie alipoinua mguu ukajifunga. Alibisha, akaona haya kubisha kwake mwenyewe, akabisha tena, na hapo, kutoka ndani ya nyumba aliyoijua kuwa tupu, karibu sana na ubao, kana kwamba mdomo umegusa mbao upande wa pili, sauti ya mwanamke isiyo na haraka wala hasira, sauti ya mwenye nyumba anayemhoji muuza mboga, ilimuuliza anatoka wapi, na alipokosa la kusema ikamuuliza anatafuta nini, na alipoanza kulia ikamuuliza, kwa upole uliomtia baridi mpaka miguuni, ni nani aliyemtuma kwa bwana wa watu.

Cyprien alimkuta ameketi nje, kitenge kimefunika kichwa.

"Iko ndani," alinong'ona. "Nenda weye. Weye anakupenda."

Siku iliyofuata Cyprien aliamua kuing'oa ndoano. Lakini Rust ina mkaguzi mkali anayeisoma programu kabla haijakubaliwa kufanya kazi. Kwake kila kitu kina mwenyewe mmoja tu. Anayetaka kukitumia anaazima, na kilichoazimwa hakiondolewi mpaka kirudishwe. Mkaguzi alikataa. Kilichoazimwa, alisema, bado kiko mikononi mwa mtu. Cyprien alipekua kila mstari asimwone mtu huyo. Mwishowe wakairudisha programu ya zamani, ile isiyo na ndoano hata moja, wakauliza.

Benie hayuko. Na jibu, safari hii, liliongeza neno ambalo hakuna aliyeliandika: *Mume wake ana mke.*

Rachidi alifunga kompyuta taratibu. "Tuende kwa tonton," alisema.

Maalimu Ramazani, baba yake mdogo, alifundisha watoto Kurani kule Kabondo. Wazazi wake walitoka Kindu. Alikuja ofisini, akaketi mbele ya seva kama anayeketi mbele ya mgonjwa, akasikiliza kimya cha feni kwa muda mrefu.

"Batu benye kufa habarudi," alisema. "Ule mwanamuke iko na Mungu, musimusingizie. Lakini jina yake mulitandika mu mulango kama mukeka, na hakuna mutu wa kuikalia. Donc mwingine alipita, akaikalia. Jini haina kwao. Ukiipa jina, inaamini ni yake. Ukiipa jina ya bibi..." Akamtazama Cyprien. "Inaamini bwana pia ni wake."

"Uitoe, tonton," Rachidi alinong'ona.

"Nitasoma. Lakini nimushitaki nini? Hakuiba. Balimuachia. Mu ile luga yenu ya mashini, mutu anaweza kuazima kintu ya mwenyewe bila kuomba?"

"Hapana," Cyprien alisema. "Inakataa."

"Basi iko na akili kupita ninyi. Rudishia benyewe jina yao. Miye nitakaa hapa nisome, isitoke kumufuata bibi yako."

Asubuhi Cyprien alinunua kitambaa na chumvi, akavuka mto kwa pirogi yenye injini mpaka Lubunga, kwa Mama Félicité, mamaye Adèle. Alikuwa anakausha samaki kwenye bati. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Mutoto wangu alikuwa na wivu," alisema. "Batu banasema, na ni kweli. Lakini alikuwa mutu. Weye ukamuweka mu mulango awe planton wa kulinda. Hata planton anarudi kwake mangaribi."

"Nimekosa, mama. Nimeleta chumvi."

"Sasa ndiyo unaileta."

Simu ya Cyprien ililia. Alikuwa Benie, na sauti yake ilitoka vipande vipande. Uchungu ulikuwa umemshika baada tu ya Cyprien kuvuka mto. Jirani alimfikisha wodini. Muuguzi aliandika jina lake, mashine ikasema hayuko, wakampokea hivyo hivyo. Mtoto alishuka mpaka kichwa kikaonekana. Kisha akarudi.

"Kila mara anafika, anarudi," Benie alisema. "Kama mutu anamuvuta ku miguu. Cyprien, banasema damu inaisha."

Mama Félicité alikuwa amesikia. Kila mtu pale uani alikuwa amesikia. Alijifuta mikono pole pole, na kwa mara ya kwanza uso wake haukuwa na ukali.

"Nikiipokea hii jina mikono mitupu, itanizunguka mu nyumba mpaka nikufe," alisema. "Haitakutoka weye pia. Jina inataka mwili, ule wa mutoto wenu. Umuulize bibi yako. Usijibu weye."

Cyprien alishika simu kwa mikono miwili. Alimpenda Benie, na ndani yake, mahali ambapo hata yeye hakupenda kutazama, palikuwa na kitu kilichofurahi. Tusimhukumu. Wajane wengi wanakijua kitu hicho.

"Nimesikia," Benie alisema kutoka ng'ambo. "Mupe jina. Apite."

"Benie, fikiri kwanza."

"Ni weye utaniambia nifikiri?"

Mama Félicité akachukua punje ya chumvi, akaiweka ulimini, akalitamka jina la binti yake mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili. Kule ofisini feni ya seva ilianza kuvuma, na maalimu akaacha kusoma katikati ya neno. Rachidi aliandika ombi. Benie: yuko. Faili zima likafunguka, hata damu ya kumwongezea ilionekana ni ya aina gani, na alipoinuka kuipigia wodi simu, mtoto alikwisha kutoka. Msichana.

Tangu hapo seva haikumkataa mtu, na mlango wa nyumba ulifunguka kwa kila mkono. Maalimu alisema mkeka umeachwa, akakataa zawadi.

Lakini mtoto hakumtaka Benie. Alikunywa maziwa yake yakikamuliwa kwenye kikombe. Titi alilikataa, akigeuza uso na kukaza mwili. Benie alipoingia chumbani, mtoto alilia mpaka akawa mweusi midomoni. Benie alipotoka, alinyamaza. Muuguzi, mama mwenye huruma, alimshika bega: "Toka kidogo, mama. Atazoea."

Akatoka, akaketi kwenye benchi la barazani, blauzi imelowa maziwa. Kupitia mlango uliorudishwa alimsikia Cyprien akizungumza na binti yao polepole, kwa sauti ambayo Benie hakuwahi kuambiwa nayo jambo lolote. Alikuwa akisema maneno machache, kisha ananyamaza kidogo, jinsi mtu anavyonyamaza ili mwenzake amalize. Halafu akacheka, akajibu.