Dawa ya Kikohozi ya Mjomba Parmuat

Kila siku akitoka shuleni, Naisula alivua viatu mlangoni, akakung'uta vumbi jeupe la Kitengela kwenye soksi, kisha akaenda kuwasalimia wakubwa kwa kuwainamishia kichwa. Koko, yaani nyanya yake, alimgusa utosini haraka haraka kwa mkono wenye harufu ya moshi na maziwa. Mjomba Parmuat alimgusa mwisho.

Mjomba alikuwa amerudi mwezi uliopita kutoka nyumba ya matibabu huko Kajiado, alikokaa miezi mitatu akisaidiwa kuacha pombe. Kila alipoingia, Koko alimsogelea akamnusa mdomo. "Hakuna harufu," alisema. "Mtoto wangu amepona kabisa." Basi nyumba nzima ikatulia.

Alasiri moja, jua likiwaka, Naisula aliinamisha kichwa mbele ya kiti cha mjomba uani. Kiganja cha mjomba kilitua, baridi kama bati la alfajiri. Kikakaa. Alingoja kiondoke, hakikuondoka. Alipoinua macho aliona nzi akitembea karibu kabisa na jicho la mjomba, na jicho halikupepesa.

"Mjomba?"

"Wanarudi," alisema polepole, akitazama ukuta wa mawe wa jirani. "Yule mwekundu yuko mbele. Yule wa mabaka anachechemea."

Naisula aligeuka. Palikuwa na ukuta tu. Ng'ombe hao walikufa wakati wa ukame, yeye akiwa Gredi ya Pili.

"Nenda duka la dawa," mjomba akanong'ona. "Lete dawa ya kikohozi. Sema ni ya Koko. Na usiambie mtu, watanirudisha kule."

Hii ilikuwa mara ya tatu. Mjomba hakuwa amekohoa hata siku moja.

"Nyanya yako anakohoa sana siku hizi," muuzaji alisema akimpa chupa. Naisula alitazama vidole vya miguu yake.

Aliporudi, boma lilikuwa kimya. Mjomba aliketi palepale, kidevu kifuani. Mwanambuzi alikuwa akitafuna mkono wa shati lake, naye mjomba hana habari. Alivuta pumzi moja ndefu yenye mkoromo. Kisha hakuna. Naisula alihesabu hadi tisa kabla nyingine haijaja. Midomo ya mjomba ilikuwa imeingia rangi ya majivu.

"Koko! Kuja!"

Koko alikuja, akainama, akanusa. "Hana pombe huyu. Ni jua limemchosha. Mwache alale."

Naisula aliwaza. Akisema, mjomba atarudishwa Kajiado na yeye ataitwa mwongo. Akinyamaza... Alisikiliza. Pumzi ilikuwa inakawia tena.

"Koko, usinuse! Si pombe!" Alichomoa chini ya kiti chupa mbili tupu na karatasi za vidonge ambavyo si yeye aliyevinunua. "Dawa ya kikohozi ni mimi nilinunua. Nilisema ni yako."

"Yangu? Mimi niko na kikohozi gani?" Koko alizitazama chupa. Akamwita jirani yao kwa sauti iliyowatimua kuku. "Githongo! Washa gari! Mtoto wangu anakufa!"

Hospitalini, madaktari walipambana naye hadi pumzi ikarudi sawa. Baadaye alirudishwa Kajiado, na wiki mbili zikapita kabla Koko na Naisula hawajaenda kumwona. Mjomba alikuwa ameketi kwenye benchi; Naisula akasimama mlangoni.

"Ni wewe ulisema?" mjomba aliuliza.

"Ni mimi, Mjomba."

"Nilikukasirikia siku tatu nzima. Siku ya nne nikaamka nikasikia njaa ya ugali."

Muuguzi Mwihaki, aliyekuwa akimhudumia mjomba pale, alicheka kidogo, kisha akamgeukia Koko. "Mama, zamani wengi walikuja hapa kwa pombe peke yake. Siku hizi mtu anaacha pombe, anashika vidonge au dawa ya kikohozi, ama anachanganya vyote. Hakuna harufu, familia inafurahi, na ugonjwa bado uko ndani. Umebadilisha nguo tu."

"Na mimi nilikuwa nimeshaenda kanisani kutoa shukrani," Koko alisema kwa sauti ndogo.

Muuguzi alimshika Naisula bega. "Na wewe, mtu mzima akikutuma dawa kwa jina la mwingine, halafu akakwambia ufiche, siri hiyo usiibebe. Mwambie mkubwa mwingine siku hiyo hiyo. Asipokuelewa, mwambie tena."

Mjomba Parmuat akasogea kwenye benchi, akampa Naisula nafasi ya kuketi kando yake.